Herufi Mbili Hazimfichi Mtoto

Najua nimepotea, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo lilinitokea, na kila nikikaa kuliandika naishia kulifuta. Leo nalimaliza. Kwa hiyo wiki hii hakuna habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Hiki ni kisa cha kosa langu mwenyewe, na cha sheria ambayo wengi wetu tunaotengeneza programu tunaijua kwa jina tu.

Mimi ni mtoto wa Kawangware. Nimekulia karibu na steji ya 46, na kompyuta ya kwanza niliigusa kwenye saiba, shilingi moja kwa dakika, mwenye duka akiwa amesimama nyuma yangu akiangalia saa. Baadaye nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na sasa nalipwa kuandika programu. Jumamosi nilikuwa nikisaidia kikundi kidogo cha watu wa kujitolea wanaofuatilia kesi za watoto waliodhulumiwa Kawangware na Kibera. Jina la kikundi silitaji, na katika kisa hiki nimebadilisha mambo kadhaa makusudi. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Kazi yao ni ngumu kuliko yangu mara mia. Mtoto akinajisiwa, wao ndio wanaokimbia naye hospitalini kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Wanahakikisha daktari amejaza fomu ya PRC, mama amepewa namba ya OB kituoni, na P3 haijapotea njiani. Kisha wanawasindikiza mama na mtoto hadi korti ya Kibera, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya sita, kesi ikizidi kuahirishwa.

Haya yote waliyaandika kwenye kaunta buku. Kaunta buku zilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, chini ya kitanda cha mama mmoja ambaye ndiye nguzo ya kikundi. Siku ya kwanza kuliona sanduku lile nilicheka.

"Mama, hii ni karne gani? Nyumba ikishika moto je?"

"Mwanangu," akanijibu, "hilo sanduku halijawahi kuongea."

Sikumsikia. Nilikuwa tayari nachora programu kichwani.

Nilimaliza kwa miezi miwili. Mhudumu anafungua simu, anajaza fomu, na taarifa zinakwenda moja kwa moja kwenye seva. Faragha niliikumbuka, au nilidhani hivyo. Majina kamili niliyakataa. Badala yake niliweka herufi mbili za mwanzo wa majina, kisha umri, jinsia, kijiji, shule, gredi, aina ya dhuluma, uhusiano wa mshukiwa na mtoto, na tarehe. Taarifa zilisafiri zikiwa zimefungwa kwa usimbaji. Neno la siri lilikuwa refu. Nikajipigia makofi.

Kisha nikaongeza ramani. Mnakumbuka kwamba Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani nyingi hadi mwaka 2009, vijana wa pale walipoanza mradi wa Map Kibera, wakatembea na vifaa vya GPS na kuchora vichochoro, shule, zahanati na vyoo kwenye OpenStreetMap. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na ni ya bure kwa yeyote. Mimi nikaichukua, nikaweka kila kesi kama nukta nyekundu juu yake. Ilipendeza mno.

Tukaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Walikuja watu kama arobaini: wazee wa mtaa, walimu, viongozi wa vijana, na wageni wawili ambao tulitarajia wangetoa fedha. Nikawasha projekta. Nikaonyesha nukta zangu. Mgeni mmoja akauliza, "Ukibonyeza moja inaonyesha nini?" Nikabonyeza.

Ilifunguka kesi moja. Herufi mbili. Msichana. Miaka 9. Kijiji. Shule. Gredi ya 3. Mshukiwa: baba wa kambo.

Ilikaa ukutani labda sekunde kumi. Mzee mmoja wa mstari wa pili akamgeukia mwenzake na kusema, wala si kwa ubaya, "Huyu si yule wa mama mboga wa pale darajani?" Mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Mama wa sanduku akainuka, akatembea hadi mbele, akachomoa waya wa projekta bila kusema neno.

Wiki mbili baadaye kibanda cha mboga kilikuwa kimefungwa. Tukasikia kwamba jamaa za mshukiwa walimwendea yule mama usiku, wakitaka mambo yamalizwe nyumbani, kwa sababu "watu wote wameshajua na aibu ni yenu." Siku ya kesi hakufika kortini. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mtoto hakuonekana tena shuleni.

Huenda habari zingefika kwa njia nyingine. Mtaani ukuta ni bati, na bati lina masikio. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini naujua ukuta ambao nilimwandika mtoto yule kwa taa ya projekta, na mwandishi alikuwa mimi.

Tupige hesabu

Kwa sababu ni mtu wa kompyuta, nilirudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Watu hupenda kusema Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Ukigawanya kwa vijiji vyake, yaani Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Makina, Silanga na vingine, unapata takriban watu elfu kumi na tatu kwa kijiji.

Tuseme katika kijiji hicho wasichana wa miaka 9 ni 150. Tuseme wanaosoma shule moja fulani ni 20. Walio gredi ya 3 ni 12. Wanaoishi na baba wa kambo ni wawili au watatu. Hapo sijatumia hata herufi moja ya jina. Nikiongeza herufi mbili, anabaki mmoja. Na jirani hahitaji hata hesabu hiyo, maana anawajua wote kwa sura.

Herufi zenyewe pia si bubu kama tunavyodhani. Hapa kwetu Nairobi, msichana ambaye herufi ya jina lake la nyumbani ni W, utakisia Wanjiku au Wambui. Ikiwa ni A, utakisia Achieng au Akinyi. Herufi moja imeshakutajia kabila, na kwenye ploti yenye milango kumi, kabila linaweza kukupeleka hadi mlangoni.

Hili si jipya duniani. Mwaka 1997 huko Marekani, mwanafunzi aliyeitwa Latanya Sweeney alichukua rekodi za hospitali zilizotolewa kwa watafiti bila majina, akazilinganisha na orodha ya wapiga kura, akaitambua rekodi ya gavana wa Massachusetts, William Weld. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta tu. Baadaye alikadiria kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kumtambulisha asilimia 87 ya Wamarekani. Nilifundishwa kisa hiki chuoni, nikakijibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Kisha nikatengeneza programu yangu kana kwamba sijawahi kukisikia.

Sheria ilijua kabla yangu

Baada ya mkutano ule nilizisoma sheria zenyewe, kwa sababu zamani nilisoma vichwa tu. Kilichonishangaza ni kwamba waliotunga Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 waliijua hesabu yangu bila digrii ya kompyuta. Sheria ile ilisema kwamba katika kesi inayomhusu mtoto ni marufuku kuchapisha jina lake, utambulisho wake, nyumbani kwao, shule yake, habari za wazazi au jamaa zake, picha yake, na hata mchoro wake. Iligusa hadi vitabu vya kuripoti hukumu za korti. Tazama orodha hiyo, kisha tazama fomu yangu. Nilikuwa nimeondoa jina na kuacha karibu vingine vyote.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo inamruhusu hakimu kumlinda shahidi aliye dhaifu, kwa mfano kusikiliza kesi faraghani na kukataza kuchapishwa kwa chochote kinachoweza kumtambulisha mlalamishi au familia yake. Hilo neno "familia" ni zito. Ukienda kwenye tovuti ya hukumu za Kenya, ambayo mimi huisifu kila siku kwa kuwa wazi na ya bure, utaona mtoto ametajwa kwa herufi. Lakini mshtakiwa akiwa baba mzazi na jina lake likaandikwa lote, herufi za mtoto zinamficha nani? Ndiyo maana katika kesi nyingi za wanafamilia utamkuta hata mshtakiwa ameandikwa kwa herufi tu. Si kwamba anaheshimiwa. Anafichwa ili mtoto afichike.

Kisha ikaja Katiba ya 2010: kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, na cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inampa mtoto haki yake ya faragha. Na iliyotuhusu zaidi sisi wa programu ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inataka ulinzi uwekwe tangu programu inapochorwa, si kubandikwa mwishoni. Inataka data ikivuja, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Nilipoisoma namba hiyo niliwakumbuka wale wanaokimbia na mtoto hospitalini.

Kuhusu watoto, sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushika data ya mtoto. Utauliza: je, kama mzazi ndiye mshukiwa? Walilifikiria. Anayetoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto peke yake anaweza kutolazimika kupata idhini ya mzazi. Lakini data lazima ishikwe kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Mlango umefunguliwa kwa mlinzi wa mtoto, si kwa mwenye ramani ya kupendeza.

Na kwa wanaodhani sheria hizi ni karatasi tu: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru, si mbali na Kawangware, faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za shule tu. Fikiria za mtoto aliyedhulumiwa.

"Amepotea. Tafadhali sambaza."

Sasa nigeukie sisi sote, maana mchapishaji wa leo si gazeti peke yake. Ni wewe na simu yako.

Mtoto akipotea Kawangware, ndani ya nusu saa picha yake iko kwenye makundi yote ya WhatsApp: sura, majina matatu, shule, nguo alizovaa, namba ya mama. Ni vizuri, na watoto wengi hupatikana hivyo. Tatizo huja mtoto akipatikana na ikajulikana kwamba alipokuwa huko alidhulumiwa. Mtu anaichukua picha ile ile na kuandika chini yake: "Amepatikana, lakini alikuwa amefanyiwa unyama." Anaandika kwa huruma, na wenzake wanajibu kwa huruma, wakiongeza machozi na mikono ya kuomba. Kwa ujumbe mmoja, jina, sura na shule vimeunganishwa na dhuluma, na hakuna anayeweza kuvitenganisha tena. Miaka kumi baadaye msichana huyo ataomba kazi, na kuna simu mahali fulani itakayokuwa bado na picha ile.

Ombi langu ni moja. Mtoto akipatikana, andika "amepatikana, asanteni," kisha ufute picha. Basi. Yaliyompata si habari ya kundi.

Mara hii najua kuna atakayenijibu: "Wewe mtu wa kompyuta, bila kelele mtoto wa maskini hapati haki. Polisi hawashtuki mpaka mtandao uwake." Sitabisha. Nimekaa kwenye benchi la kituo na mama mwenye P3 mkononi, najua kelele ina kazi yake. Lakini kelele si lazima ibebe jina.

Mkumbukeni "Liz." Mwaka 2013 msichana wa Busia alibakwa na genge la wanaume na kutupwa kwenye shimo la choo, na waliokamatwa wakaadhibiwa kwa kufyeka nyasi kisha wakaachiliwa. Zaidi ya watu milioni 1 duniani walitia sahihi kudai haki. Watu wakaandamana Nairobi. Mwaka 2015 wanaume watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15. Na hilo "Liz" halikuwa jina lake. Dunia nzima ilipiga kelele kwa jina la kubuni, na jina hilo lilitosha.

Au chukueni kesi ya Meru. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 2013, Mahakama Kuu iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko yao ya kunajisiwa. Ni moja ya hukumu kubwa zaidi kuhusu watoto nchini, na wanasheria huitaja kila mara. Mlalamishi wa kwanza anajulikana kama C.K., mtoto. Herufi hizo zilitosha pale, kwa sababu hazikuzungukwa na shule, gredi na kibanda cha mama yake.

Nilichobadilisha

Nilifuta hifadhidata yote. Kisha nikamwendea mama wa sanduku na kumwomba tuanze upya, mara hii yeye akisema na mimi nikiandika. Haya ndiyo tuliyoafikiana. Kama unatengeneza kitu cha aina hii, chukua bure.

1. Kabla ya kuongeza swali kwenye fomu, uliza ni nani atalitumia jibu, na kwa kazi gani. Hakuna jibu, hakuna swali. Shule na gredi zilitoka siku hiyo hiyo.

2. Herufi za jina zimeondoka. Kila mtoto ana namba ya kubahatisha isiyo na maana yoyote. Namba na jina vinakutana mahali pamoja tu: kwenye kaunta buku, ndani ya sanduku. Jina na kisa havilali nyumba moja.

3. Hakuna nukta kwenye ramani. Ripoti za wageni zinataja wadi nzima na miezi mitatu kwa pamoja, na idadi ikiwa chini ya kumi tunaandika "chini ya 10." Mgeni anayetaka zaidi ya hapo, aeleze kwa nini.

4. Mhudumu anaona kesi zake mwenyewe. Hata mimi niliyeiandika programu sina ruhusa ya kuzisoma.

5. Tuliangalia M-Pesa. Tulikuwa tunamtumia mama nauli ya korti na kuandika kwenye daftari la hesabu jina lake, namba yake na neno "kesi." Mhasibu, mkaguzi na mfadhili wote walikuwa wanaona. Sasa ni "nauli" na namba ya kesi tu.

6. Hakuna kujadili kesi kwenye WhatsApp. Simu ya mhudumu hukaa mezani nyumbani, na ujumbe hutokea juu ya kioo hata ikiwa imefungwa. Mtoto wa jirani anasoma.

7. Kila kesi ina tarehe ya kufutwa. Mtoto hakai kwenye seva yangu milele kwa sababu tu nafasi ya kuhifadhi imekuwa rahisi.

Programu mpya ni ndogo, na haina cha kuonyesha kwenye projekta. Wale wageni wawili hawakutoa fedha. Kikundi kinaendelea, na yule mama bado analalia sanduku lake, ila sasa tumelinunulia kufuli bora na limehamishiwa mahali pasipoweza kushika moto kirahisi. Hoja yangu moja ya siku ya kwanza ilikuwa na ukweli, alisema.

Kuhusu mama mboga, alipiga simu mara moja kutoka mtaa mwingine. Alisema mtoto anasoma na wako salama. Mama wa sanduku akamuuliza kama angependa kuendelea na kesi, naye akasema atafikiria. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilitaka kuomba simu niseme samahani, lakini mama akatikisa kichwa. Aliponieleza baadaye alisema, "Ungeanza kwa kumwambia kwamba unamjua." Nikanyamaza.

Ukijua mtoto aliye hatarini, namba ya simu ya watoto nchini ni 116, na kupiga ni bure. Ukimpigia, eleza yote. Ukishakata simu, usieleze mtu mwingine.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nitarudi kwenye mambo ya simu mpya.